Kikunjo cha Mwisho

2 Machi

Mama Shii ameagiza kila mmoja wetu aandike shajara ya usomaji msimu huu, ati tukija kuwa wazee tujue tulikuwa tunawaza nini. Nikamwambia wazee tumeshakuwa. Akaniwekea kidole mdomoni, kama alivyokuwa akiwafanyia watu kule maktaba kabla hajastaafu, na ndiko alikolipata hilo jina. Haya, naandika. Lakini ieleweke kwamba mimi ni mjalidi wa vitabu, si mwandishi. Kazi yangu ni uzi na gundi, maneno yana wenyewe.

Mvua imeanza leo mchana, na leo hii hii nimekifumua Kinene.

Kinene ndicho kitabu chetu. Kina jina lake la heshima pale jaladani, ila hakuna anayelitumia. Ni riwaya ya zamani, haichapwi tena, na nakala tunayoijua sisi ni hii moja tu, ambayo Dada, mkubwa wangu, aliinunua kwa muuza vitu chakavu kabla hata hajaolewa. Kila msimu wa mvua tunaisoma upya. Nakala moja, wasomaji wanne, basi nikabuni njia. Kitabu kinene ni vijitabu vyembamba vingi vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja ni karatasi kubwa iliyokunjwa, ndiyo maana kule karakanani tunaviita vikunjo. Mvua ikianza nakata uzi na kugawa vikunjo. Kila mtu anasoma chake, kisha anampa mwenzake. Mvua zikiisha tunakutana kwa Dada na mimi nakishona upya. Isipokuwa kikunjo cha mwisho. Hicho nakifunga uzi mwekundu, kinakaa kwa mmoja wetu kwa zamu, na hakifunguliwi mpaka siku ya kukutana, kisomwe kwa sauti mbele ya wote. Mwisho wenyewe sote tunaujua kwa moyo. Si hoja. Sheria ni sheria.

Mwaka huu zamu ya kukaa nacho ni yangu.

5 Machi

Fundi Saa amekuja kuchukua sehemu yake. Kanawa mikono hadi viwikoni kama daktari wa upasuaji, ndipo akagusa karatasi. Huyu bwana anatengeneza saa kwenye kibanda kisichozidi kitanda kwa upana, lakini nyumbani kwake ana kabati la kioo lililojaa riwaya za kale, zimepangwa zimenyooka kama mabibi harusi. Kutazama ruksa, kugusa marufuku. Dada humwita mlinzi wa makaburi. Mimi namheshimu. Leo tulipofika kwenye ule ukurasa ulioungua kwa mshumaa zamani, akanisomea kutoka kichwani maneno yote yaliyokuwa pale, neno kwa neno. Nikamuuliza kayatoa wapi. Akasema anakumbuka tu, tangu ujana wake. Kichwa kama kile kingekuwa changu nisingehitaji vitabu.

9 Machi

Mvua. Kazi nyingi. Sijasoma hata mstari.

11 Machi

Nimempelekea Dada vikunjo vyake. Miguu imevimba tena, na sasa halali chali, analala ameegemea mito kama mtu anayesubiri kuitwa. Daktari anasema moyo umechoka. Dada alikuwa mpiga chapa mahakamani maisha yake yote, hana subira na mtu anayezunguka maneno. Akamuuliza, "Umechoka kiasi cha kupumzika au kiasi cha kuacha kazi?" Daktari akaanza kutafuta kalamu yake.

Shemeji alikuwepo barazani, anasafisha brashi zake. Kazi yake ni kupaka nyumba rangi; kila siku anarudi na rangi masikioni. Ni mume wa Dada miaka yote hii na sijawahi kumwona na kitabu mkononi. Tukisoma ndani, yeye anakaa nje anagongagonga brashi kwenye kopo, tak tak tak, hadi nitoke nimwombe atuhurumie. Leo sikumwambia kitu, lakini nilimtazama vibaya.

15 Machi

Nieleze Kinene kinahusu nini, maana Mama Shii amesema shajara isiyotaja kitabu ni umbea mtupu. (Umbea ndio anaoupenda, ila hasemi.)

Kuna mama anaendesha nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Mwanawe wa pekee kaenda vitani. Miaka inapita, wageni wanaingia na kutoka, kila mmoja na habari zake za uongo kuhusu vita. Mama anazeeka. Katika ukurasa wa mwisho kabisa, mvua inanyesha, mlango unabishwa. Mama anauliza, "Nani?" Sauti nje inajibu, "Mimi." Mama anainua komeo. Basi, kitabu kimekwisha.

Ni yeye au si yeye? Ubishi huo tumeula miaka na miaka. Mimi nasema ni mwanawe, hakuna cha kujadili. Fundi Saa anasema ni tapeli. Mama Shii anasema mama ameshakufa na hiyo ni ndoto, lakini Mama Shii hata mapishi akiyasoma anaona ndoto. Dada ndiye mwenye jibu linaloniudhi kuliko yote. Anasema si mwanawe, na mama anajua kabisa kuwa si mwanawe, na bado anafungua. Mwaka mmoja tulinuniana juma zima kwa ajili ya komeo la mlango ambao haupo.

16 Machi

Mvua.

20 Machi

Mama Shii ametoa dawa. Ndivyo anavyopendekeza vitabu, kama mtu anayegawa vidonge. Mwenye mke mkorofi anampa riwaya ya baharia, aliyefiwa anampa ya kuchekesha, mwenye kiburi anampa ile ambayo shujaa anaishia kuuza viatu vyake. Leo alikwenda kwa Dada na riwaya nyembamba mpya, akasema asome kurasa chache asubuhi, chache jioni, baada ya chakula. Dada akamrudishia. Akasema muda wa kuanza watu wapya hana, anataka aliowazoea.

Mama Shii alinihadithia haya njiani, mwavuli wake ukinimwagia maji begani. Alikuwa anacheka. Baadaye nikaona hakuwa anacheka.

28 Machi

Nimemsomea Dada vikunjo viwili. Mwenyewe hawezi tena kushika karatasi muda mrefu, mikono inachoka. Ananisahihisha. Natamka jina la mgeni mmoja vibaya tangu tulipokuwa wasichana, anasema, na mpaka leo sijifunzi. Nikafika mwisho wa kikunjo nikanyamaza.

Akasema, "Lete cha mwisho."

Nikamwambia mvua bado. Subira yavuta heri.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," akasema, akafumba macho.

Sikumpa. Niandike sababu, maana hapa naweza kuiandika bila mtu kunicheka. Mwaka juzi, katikati ya msimu, alizidiwa tukampeleka hospitali, na daktari mmoja mrefu akatuita pembeni akatutikisia kichwa. Dada akiwa kwenye machela alinishika kidole akasema, tusisome mwisho bila yeye. Akapona. Akarudi na fimbo yake, akakaa kwenye kiti chake, akasikia mwisho, akabishana na kila mtu. Nani amemrudisha? Dawa zilikuwa zilezile walizowapa wale waliokufa kitanda cha kulia na kitanda cha kushoto. Mimi najua kilichomrudisha. Kuna kitu alikuwa anakisubiri.

Sasa nimpe mwisho ili asubiri nini?

2 Aprili

Mtaro wa nyuma ya karakana umejaa. Mwenye karakana anasema haijawahi kufurika. Watu wa namna hiyo ndio wanaozama.

4 Aprili

Nimegombana na Shemeji. Nilikuwa nimefika na supu, akanikuta mlangoni na kopo lake la mafuta ya taa, akanivuta kando. Akasema Dada hasemi kitu kingine ila hicho kikunjo. "Msomee tu, Shemeji."

Nikamwambia kuna taratibu. Akauliza si sote tunaujua huo mwisho. Nikasema tunaujua. "Basi si umwambie tu kwa mdomo?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kitabu hakiambiwi, kinasomwa, na mtu ambaye hajawahi kufungua hata kimoja asinifundishe. Akaitazama brashi yake. Akasema haya. Akaenda kukaa mahali pake barazani, na muda wote niliokuwa ndani sikusikia brashi ikigonga kopo.

Nilipotoka nikaona amemtengenezea Dada ubao wa kuegemea, ameuchonga mshazari na kuufunga godoro jembamba juu yake ili asiteleze akilala. Mbao zenyewe ni za ngazi yake ya kazi. Sasa anapandia nini, sijui. Sikuuliza.

5 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nguo hazikauki. Nina hasira na kila mtu.

10 Aprili

Tumekutana watatu, bila Dada, kwenye kibanda cha Fundi Saa, tumebanana kati ya saa zinazosema kila moja muda wake. Nikawaeleza. Fundi Saa kaniunga mkono mara moja. Sheria ikivunjwa mara moja, alisema, mwaka ujao kila mtu atataka kusoma mbele. Nilifurahi. Mama Shii hakuinua sauti, hajui kuinua sauti. Alisema, "Unamfungia mgonjwa dawa kabatini?"

Nikasema ninachomfungia si dawa. Akaniuliza ni nini basi. Nikaaga, nikasema nina kazi.

Njiani nilikuwa nikimjibu peke yangu kama mwendawazimu, majibu mazuri sana, na hakuna hata moja lililofaa.

13 Aprili

Leo Dada ameniambia uso kwa uso. Nilikuwa namkanda miguu. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki palepale.

"Mdogo wangu, mimi sitaliona hilo jua lenu."

Nikasema asiseme hivyo. Akasema atasema atakavyo, kwake ni hapa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amekisoma Kinene mara nyingi kuliko alivyosoma sura yake kwenye kioo, na safari hii kuna jambo anataka kulisikiliza pale mwisho, kitu katika lile neno "Mimi", jinsi sauti ilivyoandikwa. Huenda amekosea miaka yote. Anataka kuhakikisha.

Yaani Dada, anayekubali kosa mara moja kwa muongo, anasema huenda amekosea! Na mimi nikafanya nini? Nikamdanganya. Nikasema kikunjo kipo karakanani, kwenye kibanio, kimejipinda kwa unyevu nakinyoosha. Kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kitanda chake.

Alinitazama tu, kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi, nadhani.

14 Aprili

Nimekipeleka karakanani, nimekiweka kwenye kibanio kile kikubwa cha chuma, kati ya mbao mbili. Angalau sasa si uongo.

17 Aprili

Dada amelala muda wote niliokuwepo. Nilimsomea hivyo hivyo.

19 Aprili

Shemeji haendi kazini tena. Nimemkuta anamlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai, na kila kijiko anakipuliza kwanza, hata kilichopoa. Sijui kwa nini nimeandika hili.

21 Aprili

Mvua imenyesha juzi, jana, leo. Barabara ya chini haipitiki. Karakana imefungwa, mwenyewe katuma ujumbe tusije mpaka maji yapungue. Nikauliza maji yamefika wapi. Hakujibu.

24 Aprili

Naandika haya tarehe ishirini na nane. Yalitokea tarehe ishirini na nne, basi yakae hapa, kwenye ukurasa niliouacha mtupu.

Asubuhi simu ililia, Shemeji. Hajawahi kunipigia. Alisema, "Njoo. Na uje nacho."

Hapo nikaelewa, na yote niliyoyaandika huko juu kuhusu kusubiri yakanitoka kichwani. Nikasema ndiyo, nakuja, namsomea leo hii, yaishe. Lakini kwanza ilibidi nipite karakanani.

Maji yalikuwa magotini barabarani na mapajani ndani. Mlinzi alinifungulia huku akinilaani. Karatasi za kazi zilikuwa zinaelea, majalada mapya ya shule yamefumuka yamekuwa kama mikate iliyolowa. Kibanio kimesimama sakafuni, kizito, hakiwezi kuelea, na maji yalikuwa yamekipita. Nilizungusha usukani wake kwa mikono miwili nikiwa nimepiga magoti, nimezama mpaka kiunoni. Kikunjo kilitoka kimebanwa bapa, kimelowa chapachapa, kurasa zote zimeshikana kama kitu kimoja. Uzi mwekundu umechuja rangi ukingoni.

Nikakifunga kwenye mfuko, nikakiweka kifuani chini ya blauzi, nikatembea.

Nilipofika nilibisha. Nikasikia sauti ya Dada kutoka chumbani, ya chini lakini inasikika: "Nani?"

Nikajibu, "Mimi."

Shemeji akafungua. Maji yalikuwa yananitiririka. Nikamwambia, washa pasi, lete magazeti, yote uliyonayo. Nikapita moja kwa moja jikoni.

Sasa, mjalidi yeyote atakwambia karatasi iliyolowa haivutwi. Unaingiza ncha ya kisu kikavu pembeni, unaachanisha ukurasa polepole, unaweka gazeti juu na chini, unapitisha pasi isiyo moto sana ukiwa umeinyanyua kidogo, unabadilisha gazeti, unarudia. Ukiharakisha inachanika, au wino unahamia upande wa pili. Kazi hii naijua. Ukurasa wa kwanza ukatoka mzima. Wa pili ukatoka mzima. Nilikuwa natetemeka kwa baridi lakini mikono ilikuwa imetulia, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa naona maneno yanarudi. Nikawaza, nikifika kwa Dada namsomea ule wa mwisho kabisa kwanza, halafu yaliyobaki.

Shemeji akaja mlangoni akasema, "Anakuulizia."

Nikamwambia nakuja, nimalize huu.

Akasema, "Shemeji, njoo tu hivyo hivyo."

Nikasema ukurasa ukipoa ukiwa nusu utashika tena. Akarudi.

Nikamaliza huo, nikaanza mwingine. Nilikuwa kwenye ule wenye mstari wa mwisho, nauinua pembeni kwa kisu, nimezuia pumzi usichanike, nikahisi mtu nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasema dakika moja. Hakujibu. Nikauinua mpaka ukatoka wote, mzima, hata herufi moja haikupotea, nikaulaza juu ya gazeti kavu, ndipo nikageuka.

Alikuwa amesimama na kile kijiko cha chai mkononi.

26 Aprili

Tumemzika. Mvua.

3 Mei

Mvua.

7 Mei

Mama Shii amekuja. Hakuleta kitabu. Aliosha vyombo vyangu vyote, hata visafi, akaondoka.

12 Mei

Sisomi. Nimejaribu. Mstari wa kwanza naufikia, wa pili sioni kwa nini niuendee.

19 Mei

Leo jua. Limetoka asubuhi na halijarudi ndani. Watu wametandaza magodoro ukutani mtaa mzima.

Nilisema sitakutana nao. Mama Shii akasema tutakutana, na kwa Dada, kama kawaida. Kwa hiyo nikachukua sindano na uzi nikaenda. Kiti chake kilikuwa mahali pake na hakuna aliyekikalia. Vikunjo vikarudi kimoja kimoja, nikaviweka kwa mpangilio mezani.

Fundi Saa alikuja mwisho, kabeba kitu kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua. Kilikuwa Kinene. Kingine. Kizima, jalada lake la kwanza, hakijaungua, hakijafumuliwa hata mara moja, kurasa safi utadhani zimetoka mashineni jana. Miaka yote hiyo kilikuwa nyuma ya kioo, safu ya pili, kimefichwa na vingine. Nikaukumbuka ule ukurasa ulioungua na jinsi alivyonisomea kutoka kichwani.

Alisema aliogopa tungekiazima. Alisema angeweza kukileta siku yoyote, alijua Dada anataka mwisho, na kila asubuhi alikuwa anafungua kabati anakitazama anafunga tena. Akakisukuma kuelekea kwangu, akasema nichukue, kiwe cha wote.

Nilitaka kumrushia usoni. Lakini ningemwambia nini mimi? Yeye alikifungia kabatini, mimi nikakifungia kwenye chuma. Nikamwambia akae.

Nikaanza kushona. Mama Shii akaniuliza nani atasoma. Shemeji alikuwa barazani, na tukamsikia akiburuta kiti chake. Akaja akasimama mlangoni, hakuingia. Masikio yake hayakuwa na rangi.

Nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza tangu siku ile. Nilimuuliza Dada alisema nini.

Akaniuliza kama kweli nataka kujua. Nikasema ndiyo.

Alisema Dada alikuwa amesinzia nilipobisha. Alishtuka akauliza nani, akasikia nimejibu mimi. "Niliporudi kitandani akanishika mkono. Akaniuliza, 'Ni yeye?' Nikajua yuko wapi. Mimi huo mwisho nimeusikia hapo nje kila mwaka, nilikuwa nagonga kopo ili msidhani nawasikiliza. Nikamwambia ndiye."

Mama Shii aliweka mkono mdomoni.

"Halafu akasema, 'Mbona haingii?'"

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Niliiangalia.

"Ndipo nikaja kukuita. Uliposema nakuja, nikarudi nikamwambia ameloana, anajikausha kwanza. Akasema haya, mwache ajikaushe. Akawa anautazama mlango." Shemeji aliuonyesha kwa kidevu, ule mlango wa chumbani, ambao ukiwa kitandani unaona kupitia kwake meza ya jikoni na pasi juu yake. "Hakuuliza tena."

Fundi Saa alikuwa analia waziwazi, amekiinamia kitabu chake kile safi. Mimi sikulia. Nilimwomba Shemeji aje akae, akaja, akakaa kwenye kiti cha Dada kwa kuwa ndani hakukuwa na kingine, na nikaendelea kushona kwa kuwa ndicho ninachojua.

Kinene kimeshonwa. Kikunjo cha mwisho hakikuingia, kimekunjamana mno, kingeharibu mgongo wa kitabu. Nimerudi nacho nyumbani, kipo hapa mezani ninapoandika. Nimekipitia ukurasa kwa ukurasa. Kina alama nyekundu ukingoni, lakini kinasomeka chote. Hakuna hata neno moja lililopotea.